Kijiji Ambacho Ramani Haikukiona: Historia ya Kupima Ziwa Letu na Milima ya Kabobo

Baada ya kipindi cha juma lililopita, wengi mliomba niyaandike yale maneno ya ramani, kwa sababu sauti ya redio hupita na betri huisha. Nimeyaandika hapa, na nimeongeza yale ambayo dakika za redio hazikuniruhusu kusema.

Maneno yenyewe yalianza wakati wa kiangazi. Vijana wawili walifika hapa na karatasi kubwa iliyokunjwa, telefone mbili na kile kimashine kidogo cha GPS. Sitataja waliowatuma. Kazi yao ilikuwa kutafuta njia za miguu ambazo watalii wataweza kufuata siku amani itakapokaa: fasi za kupiga hema, vilima vya kutazamia ziwa, pwani nzuri za kuogelea, maporomoko ya maji. Hawakuwa watu wabaya. Walitandika karatasi yao juu ya meza chini ya mwembe, wakaweka mawe kwenye pembe nne ili upepo usiibebe, na watu wakazunguka kutazama.

Kati ya waliozunguka alikuwamo mama mmoja aliyekimbia kijiji chake wakati wa vita ya 2017. Aliuliza, "Mwanangu, kwetu iko wapi hapa?" Kijana akamwomba jina la kijiji, akatafuta kwa kidole, akatafuta na kwenye telefone. Hakupata kitu. Fasi ile yote ilikuwa rangi ya kijani, na juu yake maneno ya Kifaransa yenye maana ya pori lenye miti. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Pale kuna kaburi ya bwana yangu. Na miembe yetu saba."

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: nani huchora ramani ya kwetu, huuliza nani, na huandika nini? Swali hili lina zaidi ya miaka 160 kando ya ziwa hili. Tulifuate tangu mwanzo.

Ziwa lenye umbo la konokono

Kabla muzungu yeyote wa Ulaya ya kaskazini hajaliona ziwa letu, lilikuwa limekwisha kuchorwa. Mnamo mwaka wa 1855 na 1856, wamisionari wawili Wajerumani waliofanya kazi upande wa Mombasa na Tanga, Johannes Rebmann na Jakob Erhardt, walitoa ramani iliyowashangaza wasomi wa London. Ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, refu na nene, lenye umbo la konokono asiye na koa. Hawakulifikia ziwa hilo. Walikaa pwani wakiuliza watu wa misafara, Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi, waliokuwa wanarudi kutoka bara.

Watu wa misafara walisema kweli. Waliopita njia ya kusini walisema, tulifika kwenye ziwa. Waliopita njia ya katikati walisema vilevile, na wale wa njia ya kaskazini pia. Yalikuwa maziwa matatu: Nyasa, Tanganyika, na lile linaloitwa leo Victoria. Waliochora ndio waliounganisha maji hayo yote kuwa ziwa moja. Kwa hiyo kosa kubwa la kwanza katika ramani ya kwetu halikutoka kwa wenyeji. Lilitoka kwa mtu aliyesikia vizuri, akachora fasi ambayo hajaikanyaga.

Ramani ile ndiyo iliyofanya Richard Burton na John Speke watumwe. Walifika Ujiji, ng'ambo ya pili kutoka kwetu, mwezi wa pili mwaka wa 1858. Burton alikuwa mgonjwa hata kutembea kulimshinda, naye Speke aliumwa macho hata ziwa aliliona kama ukungu. Speke akapima urefu wa ziwa juu ya bahari kwa njia ya siku zile: unachemsha maji na kutazama kipimajoto, kwa sababu kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Akapata futi 1,844, karibu metre 562. Leo tunajua ziwa liko karibu metre 773 juu ya bahari. Alikosea kwa metre 200 na zaidi.

Wakuu wa upande wa kaskazini walimwambia Burton kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Hakuufikia mwenyewe, na huko Ulaya wasomi wakabishana miaka mingi. Mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1871, Livingstone na Stanley walienda mpaka mdomo wa Ruzizi kwa mtumbwi, wakaona maji yanaingia, kama wenyeji walivyosema miaka 13 mbele.

Katika safari hizi alikuwamo mtu mmoja ambaye watoto wetu hawasomeshwi sana habari zake: Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani angali kijana, akapelekwa India, kisha akarudi Afrika. Alikuwa na Burton na Speke, alikuwa na Stanley, na alikuwa na Cameron aliyefika kwetu Lukuga. Wakuu wa misafara walibadilika, Bombay akabaki. Shirika la kijiografia la London lilimpa nishani ya fedha. Lakini ukitazama ramani za siku zile, utaona majina ya wazungu kwenye milima, kwenye ghuba na kwenye maporomoko. Jina la Bombay hulioni.

Lukuga: mto uliobadilisha mawazo

Sasa tufike mlangoni petu. Mwezi wa tano mwaka wa 1874, Mwingereza Verney Lovett Cameron aliingia katika mdomo wa Lukuga, fasi ambayo leo ni mji wa Kalemie. Alikuwa anatafuta mlango wa kutokea maji ya ziwa. Alienda kilometa chache tu, majani na matete yanayoelea yakamzuia. Chifu wa fasi ile alimwambia kwamba watu wake walisafiri zaidi ya mwezi mmoja kando ya Lukuga mpaka unapoingia Lualaba. Cameron akaamini, akaandika kwamba ameupata mlango wa ziwa.

Miaka miwili nyuma yake, mwaka wa 1876, Stanley alizunguka ziwa lote kwa mashua yake, akafika Lukuga, akaona matope na mafunjo, na maji hayaendi popote. Akasema: si mlango bado, lakini maji yakizidi kupanda, utafunguka. Mwaka wa 1879 Edward Hore wa misioni ya London na Joseph Thomson, kila mtu kwa safari yake, walikuta Lukuga ni mto mkubwa unaokwenda kwa nguvu kuelekea magharibi. Ziba la matope lilikuwa limekatika karibu mwaka wa 1878. Katika miaka kama 15 iliyofuata ziwa lilishuka karibu metre 10, na pwani pana zikatokea fasi ambapo zamani watu walivua samaki.

Nani alisema kweli, Cameron ao Stanley? Wote wawili, kila mtu kwa mwaka wake. Na yule chifu alisema kweli kuliko wote, kwa sababu yeye alikuwa na kumbukumbu ya miaka mingi, wageni walikuwa na siku mbili ao tatu. Ramani ni kama picha ya mtu: huonyesha sura yake ya siku ile. Sisi tulioona maji yanarudi kuingia katika nyumba za kando ya ziwa mwaka wa 2020, 2021 na tena 2024, tunaelewa. Wazee wetu wanakumbuka maji ya mwaka wa 1964. Mtu anayekuja leo kupima pwani ya watalii, akiona mchanga mzuri, anapaswa kuuliza kwanza: katika miaka ya maji mengi, mchanga huu unabaki?

Kutoka kupima mpaka kumiliki

Mpaka hapo ramani ilikuwa kazi ya kujua. Mwaka wa 1885 ilianza kuwa kazi ya kutwaa. Tarehe 1 mwezi wa saba mwaka ule, serkali ya mfalme Leopold wa Pili ilitoa amri kwamba ardhi tupu ni mali ya serkali. Maneno mawili tu ya Kifaransa: "terres vacantes".

Tupu maana yake nini? Sisi wakulima tunajua shamba la muhogo hulala. Unalima miaka michache, unaliacha lipumzike, unarudi kwalo wakati majani yameota na udongo umepata nguvu. Wavuvi huwa na kambi za msimu. Na ndugu zetu Bambote, wengine huwaita Batwa, wana mapori ya kuwinda na kuchuma asali ambamo hutaona nyumba hata moja, lakini kila kijito kina jina na kila ukoo unajua pa kupita. Mpimaji akipita mahali hapo siku moja na daftari yake, ataandika: tupu.

Kwa miaka iliyofuata wapimaji walikuja na vyombo bora. Mission ya Charles Lemaire, kati ya mwaka wa 1898 na 1900, ilipima Katanga kwa kutazama nyota, ikasahihisha makosa mengi ya akina Speke. Namba zikawa sahihi. Neno "tupu" likabaki.

Hata baada ya uhuru, sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba mwaka wa 1973 ilisema ardhi yote ni ya serkali, ikiwa pamoja na ile inayokaliwa na wenyeji kwa desturi. Kuhusu haki za wenyeji hao, ikaahidi amri nyingine ya rais. Wenyeji wakaingojea makumi ya miaka.

Milima ya kutazamwa

Ndipo lilipoingia neno la matembezi na utalii. Mwaka wa 1925 Wabelgiji walianzisha kule Kivu hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika, wakaiita jina la mfalme Albert, yuleyule ambaye mji wetu wa Kalemie uliitwa jina lake, Albertville. Leo hifadhi ile tunaiita Virunga. Mwaka wa 1939 ikafuata Upemba, huku kwetu Katanga ya zamani. Mwaka wa 1970 ikafuata Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, ambapo wageni walikuja kutoka mbali kuwaona ngagi.

Wale wanaofikiri mstari kwenye ramani ni wino tu, watazame Kahuzi-Biega. Mwanzoni ilikuwa kilometa mraba karibu 600. Mwaka wa 1975 ikapanuliwa kufika karibu 6,000. Mstari ulipanuliwa, na vijiji vyenye watu, mashamba na makaburi vikajikuta ndani. Batwa waliokuwa wakiishi katika msitu ule walifukuzwa bila malipo. Mashtaka yao yalifika mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, na mwaka wa 2024 ikatangazwa kwamba tume imewapa Batwa haki. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita katikati. Waliofukuzwa wakiwa watoto ni wazee sasa, na wengine hawakuisikia habari ile.

Siyasemi haya kwa kuchukia watalii. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu akija kutembea milimani kwetu atahitaji mtu wa kumwongoza, atapanda boti, atakula ndagala na ugali, atalala fasi fulani na kulipa. Vijana wetu wanatafuta kazi. Ninalosema ni kwamba njia ya mgeni na shamba la mwenyeji vyaweza kukaa kwenye karatasi moja, ikiwa vyote viwili vimechorwa.

Na mfano tunao ng'ambo, karibu kabisa. Kaskazini ya Kigoma kuna Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwatazama sokwe mwaka wa 1960. Tangu mwaka wa 1968 ni hifadhi ya taifa ya Tanzania, ndogo, na wageni huja kutembea humo. Miti ya nje ya hifadhi ilipokatwa sana, shirika la Goodall lilianzisha mwaka wa 1994 kazi iliyoitwa Tacare, likianza na mahitaji ya watu: miche, maji, afya. Baadaye likaleta vijijini picha kubwa zilizopigwa na setilaiti, zinazoonyesha mpaka mti mmoja mmoja. Wanakijiji wakatambua wenyewe njia zao, mashamba yao, fasi zao za heshima, wakapanga: huku tutalima, huku tutakata kuni, huku msitu ubaki. Sheria iliwasaidia, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka wa 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka juu ya ardhi ya kijiji. Sisi sheria yetu si hiyo. Lakini namna ya kukaa chini na picha na kuuliza wenye fasi, hiyo haihitaji sheria.

Kabobo, na mwaka wa 2016

Turudi upande wetu. Ukitoka Kalemie kuelekea kaskazini, upande wa Fizi, kuna milima ya Kabobo inayosimama juu ya ziwa. Ni milima yenye misitu mizito, na ina ndege mdogo ambaye wasomi walimpa jina la Kabobo kwa sababu anapatikana kule tu. Alexandre Prigogine alimwandika mwaka wa 1955. Baadaye vita na matata vilifunga njia, na tangu mwaka wa 1960 wasomi hawakuingia tena. Mwanzoni mwa mwaka wa 2007 kundi lililoongozwa na shirika la WCS la Marekani liliingia, na katika majuma machache likapata wanyama 6 ambao sayansi haikuwa nao katika vitabu vyake: popo mmoja, panya mmoja, wanyama wawili wadogo wenye pua ndefu kama panya-buku mchanga, na vyura wawili.

Nikisema sayansi haikuwa nao, simaanishi kwamba hakuna mtu aliyewajua. Mbote anayewinda kule angewaonyesha wale vyura na kukuambia wanalia mwezi gani.

Miaka ikapita katika mazungumzo na vijiji juu ya mipaka. Mwisho wa mwaka wa 2016 serkali ya jimbo letu la Tanganyika ikatia sahihi, na Hifadhi ya Kabobo ikazaliwa: kilometa mraba 1,477. Upande wa Kivu ya Kusini kuna nduguye, hifadhi ya Ngandja. Wale waliofanya kazi hii walisema wenyeji, na Batwa pia, watakuwa na sauti katika kuiongoza. Hilo ni jambo jema, na tofauti na lililotokea Kahuzi-Biega linaonekana.

Lakini ninyi mnaonisikiliza kutoka kambini, mnakumbuka mwaka wa 2016 ulikuwa mwaka gani katika jimbo letu. Ndio mwaka ambao moto kati ya Batwa na Waluba uliwaka upya, ukaendelea 2017 na 2018. Mamia ya maelfu ya watu walihama. Vijiji viliungua. Watu walilala Katanika, walilala Moni, walilala katika shule na chini ya miti ya Kalemie. Wakati ule wa kuweka mipaka na kutafuta njia, watu wengi wa jimbo hili hawakuwa kwao. Nani atasimama mbele ya mpimaji na kusema, hapa ni kwangu, ikiwa yeye mwenyewe anapanga foleni ya unga kilometa mia moja kutoka pale?

Setilaiti huona nini

Mtaniambia: leo kuna setilaiti, hakuna cha kufichika. Tuitazame basi hiyo setilaiti inavyofanya kazi.

Setilaiti ya kwanza ya Landsat ya Wamarekani ilipanda angani mwaka wa 1972, na tangu mwaka wa 2008 picha zake hutolewa bure kwa kila mtu duniani. Picha hizo zimeundwa na vipande vidogo vya mraba, na kila kipande cha zile zinazotumiwa sana ni metre 30 kwa metre 30 chini hapa. Ndani ya kipande kimoja zinaenea nyumba nne za udongo pamoja na kiwanja chao, na vyote vitaonekana rangi moja. Sasa chukua kijiji cha nyumba za udongo na majani, kichome, kiache mvua ya misimu mitatu. Paa limeanguka, ukuta umerudi kuwa udongo, majani yameota njiani. Chombo kule juu kinaona kijani. Hakisemi uongo. Hakina tu namna ya kujua kwamba ile miembe saba ilipandwa na mtu.

GPS nayo ni hivyo. Zamani Wamarekani waliharibu kwa makusudi alama za setilaiti kwa watu wasio askari, hata mashine yako ingeweza kukosea metre mia. Mwanzoni mwa mwezi wa tano mwaka wa 2000 wakaacha. Siku chache tu baadaye watu kule Marekani wakaanza mchezo wa kuficha sanduku porini na kutoa namba zake ili wengine walitafute, na watembeaji wa milimani wakaanza kurekodi njia zao na kupeana. Mwaka wa 2004 Mwingereza Steve Coast akaanzisha OpenStreetMap, ramani ambayo kila mtu anaweza kuongeza barabara ao mto anaoujua. Na mwaka wa 2014 Madaktari Wasio na Mipaka, Msalaba Mwekundu na wengine wakaungana kuchora fasi za dunia zisizokuwa kwenye ramani, ili magonjwa kama kolera yakitokea daktari ajue nyumba ziko wapi. Sisi wa Kalemie tunaojua kolera tunaelewa faida yake.

Lakini wachoraji wengi wa ramani hizo wako mbali. Wanaweza kuchora paa wanaloliona. Jina hawalioni, wala ukoo wenye shamba, wala kisima kilichofunikwa na majani. Baada ya miaka zaidi ya 160, kazi imerudi palepale kwa Erhardt pale Tanga: lazima kuuliza. Tofauti ni kwamba sasa yule anayeulizwa ana telefone mkononi, na anaweza kujichorea mwenyewe.

Tufanye nini

Nimezungumza na wazee, na walimu, na vijana wanaojua mashine hizi. Hii ndiyo shauri niliyopata, nami nawapa kama nilivyopewa.

Kwanza, tuanze na daftari kabla ya telefone. Kila jamaa iliyohama iandike majina: kijiji, vijito, vilima, visima, shule ya zamani, kanisa ao msikiti, makaburi, miembe na michikichi iliyopandwa. Wazee wanatutoka kila mwaka, na majina wanaondoka nayo.

Pili, tuanze na nukta kabla ya mistari. Juu ya kisima ao kaburi, watu wa vijiji viwili hupatana upesi. Juu ya mpaka hugombana, na jimbo letu limekwisha kuona damu ya kutosha. Mpaka uchorwe mwisho, mbele ya machifu wa pande zote, Waluba, Batabwa, Baholoholo na Bambote, tena kwa kutembea pamoja kwa miguu.

Tatu, si kila kitu kinawekwa kwenye ramani ya watu wote. Fasi za mizimu, fasi za dhahabu, njia ambazo mama zetu hupita peke yao kutafuta kuni: hizo zibaki katika daftari ya kijiji. Watalii wana haki ya njia nzuri, na wenye silaha wasipewe njia ya bure.

Nne, tusidanganyane. Ramani si hati ya ardhi. Lakini kuna sheria zinazouliza ramani. Amri ya tarehe 2 mwezi wa nane mwaka wa 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake mpaka hekta 50,000, na mtu huombi msitu bila kuonyesha uko wapi. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba mwaka wa 2022 inalinda haki za watu wa asili, Bambote wakiwamo. Anayefika ofisini na karatasi husikilizwa tofauti na anayefika na machozi tu, hata kama machozi ni ya kweli.

Tano, wale wanaokuja kuandaa matembezi na utalii, tuwapokee vizuri, na tuwaulize maswali matatu. Mliuliza nani? Waliohama mliwauliza pia? Na karatasi hii ikikwisha, sisi tutabaki na nakala?

Wale vijana wawili, nawashukuru hapa, hawakukunja karatasi yao siku ile. Walimpa yule mama kiti. Alikaa mpaka jua likashuka, akataja majina moja baada ya jingine, kijana mmoja anaandika, mwingine anatafuta kijito kwenye picha ili kujua mto unapopinda. Watu wengine wa kijiji kile waliitwa kutoka nyumba za jirani. Walipata majina 19. Juu ya 18 walipatana. La mwisho, kilima kimoja kidogo, mama analiita hivi na shemeji yake analiita vile, na hakuna aliyetaka kuachia. Kijana akaweka nukta bila jina, akasema atarudi.

Ninyi mliotoka upande ule na mnajua kilima chenyewe, mje redio siku yoyote kabla ya saa kumi. Daftari iko mezani kwangu, na kalamu iko.

Kutoka Zongwe, ni mimi mwandishi wenu. Mubakie salama.